Delhi nako kuna baridi

Wengi wanaofunga safari kwenda Delhi, iwe kwa matibabu au biashara, hubeba nguo nyepesi tu. Imani ya siku nyingi ni kwamba India ni joto mwaka mzima. Si ajabu: mwezi Mei huko joto hupita nyuzi 40, na habari hizo ndizo zinazotufikia.

Lakini Delhi iko takriban digrii 28 kaskazini mwa ikweta, mbali na bahari. Desemba na Januari, alfajiri, joto huweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake. Utamkuta dereva wa bajaji amejifunika blanketi hadi masikioni, viganja vimekumbatia kikombe cha chai. Nyumba nyingi hazina mitambo ya kupasha joto, kwa hiyo baridi ya ndani ndiyo inayouma zaidi. Ukungu nao huchelewesha ndege na treni. Mumbai, iliyo pwani, ni habari nyingine. Huko sweta ni mzigo tu.

Ukitaka kuhakiki, usiangalie wastani wa mwaka. Tafuta kiwango cha chini cha joto cha mwezi unaosafiri, kisha piga simu unakofikia uulize kama wana hita au blanketi la ziada.