Maktaba ya shule ya wasichana ya Kikatoliki: rafu zilizo wazi na kabati lililofungwa

Katika shule nyingi za bweni za wasichana zinazoendeshwa na masista hapa Tanzania, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo yale ambayo mwenzake wa shule ya kutwa huyatafuta simuni jioni, yeye hana pa kuyatafuta isipokuwa maktaba. Nikiwa mkutubi katika shule ya namna hiyo, naamini kwamba tukishamwondolea msichana simu, hatuna budi kumfungulia rafu.

Rafu zenyewe zinadai uangalifu. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba kulingana na mada na uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, umeutengea Ukristo na Biblia namba zote kuanzia 220 hadi 289, ilhali Uislamu umebanwa kwenye 297 na fasihi ya Kiswahili imesukumwa hadi 896.392, karibu na mwisho wa darasa la 800, yaani kundi la namba za fasihi. Shule ya Kikatoliki inaweza kuridhika na mpangilio huo bila kutambua kwamba miongoni mwa wasichana wake wamo Waislamu, na kwamba riwaya na tamthilia wanazozitafuta zaidi ziko kwenye kona ya mbali kuliko zote. Mfumo wenyewe unaruhusu maktaba kuipa fasihi ya nchi yake nafasi ya mbele, nami nashauri ruhusa hiyo itumike: Kiswahili kiwe kando ya mlango. Kuhusu Biblia, anayepokea msaada wa vitabu afungue yaliyomo kabla ya kugonga mhuri, kwa sababu Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, na nakala nyingi za Kiswahili tunazoletewa zina 66 tu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kabati lililofungwa. Katika maktaba kadhaa nilizozitembelea, vitabu vya namba 612, yaani vile vinavyoeleza jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi, pamoja na hedhi na uzazi, vimewekwa ofisini, na anayevitaka aombe ufunguo. Msichana wa Kidato cha Pili mwenye maumivu makali ya hedhi hataomba ufunguo huo mbele ya wenzake, bali ataridhika na maelezo ya bwenini, ambayo mara nyingi ni ya kutisha na si ya kweli.

Wanaotetea kabati hilo husema Kanisa linataka hivyo, lakini sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa iliondolewa nguvu ya kisheria mwaka 1966, wakati wa Papa Paulo VI. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 827, unadai kibali cha mamlaka ya Kanisa kwa vitabu vya kiada vya Maandiko Matakatifu, teolojia, historia ya Kanisa, dini na maadili, wala hautaji biolojia. Kanuni ya 806 inakwenda mbali zaidi, kwani inawataka wakuu wa shule za Kikatoliki wahakikishe kwamba elimu inayotolewa humo haipungui kiwango cha shule nyingine za eneo hilo. Maktaba inayoficha sura ambayo imo kwenye muhtasari wa biolojia inakwenda kinyume na kanuni hiyo.

Kwa upande wa kompyuta, intaneti isiyoaminika isiwe kisingizio. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima ndani ya diski. Ya Kiingereza pamoja na picha huchukua takriban gigabaiti 100, na ya Kiswahili ni ndogo mno kuliko hiyo. Programu ya Kolibri nayo hubeba masomo ya video na mazoezi, na kompyuta moja yenye kisambaza Wi-Fi inatosha kuyafikisha kwenye kompyuta nyingine za chumbani bila kununua bando. Mtandao ukipatikana, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania husomwa kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Ninachosisitiza ni kwamba rasilimali hizi ziingizwe kwenye katalogi ileile ya vitabu. Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba iliyoanzia New Zealand, inaliwezesha jambo hilo: anayetafuta usanisinuru aone kitabu, video na makala mahali pamoja, badala ya kuambiwa kwamba video ni za mwalimu wa kompyuta.

Limebaki suala la saa. Ratiba ya bweni imejaa vipindi, sala, usafi na kujisomea kwa ajili ya mitihani, hivyo Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya Misa ndiyo nafasi pekee ya msichana kusoma anachokipenda mwenyewe, na ndizo saa ambazo maktaba nyingi hufungwa ili mkutubi apumzike. Mkutubi anastahili mapumziko yake. Viranja wa maktaba waliofundishwa kuazimisha na kurudisha vitabu kwenye rejesta wanaweza kuzishika saa hizo, huku sista wa zamu akipita kuwatazama.