Mizani na vina katika shairi la mandhari: dhana na ukweli

Tutumie mishororo (mistari ya shairi) hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya mfano tu, haigombei tuzo:

*Mawingu yanasongana, mvua yaja kwa kishindo,*
*Matawi yanagongana, mto wabadili mwendo.*

Dhana: "M" ikitangulia konsonanti, huhesabiwa mizani (silabi) moja.

Si kila mara, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. "Mto" ni m-to, mizani 2. Mkazo wenyewe unaiangukia "m". Lakini "mvua" ni mvu-a. Ukiikata m-vu-a, kipande cha pili (baada ya koma) cha mshororo wa kwanza kitafika mizani 9, nawe utamlaumu mtunzi bure. "Mwendo" nayo ni mwe-ndo. Tamka kwa sauti, piga kofi kwa kila silabi: utapata 8 kila kipande, 16 kwa mshororo.

Dhana: "Yaja" na "wabadili" ni Kiswahili kilichovunjwa ili mizani itoshe.

Hakuna kilichovunjwa. Hiyo ni njeo (wakati wa kitenzi) ya -a-, sarufi halali kabisa. Ni kweli kwamba inamsaidia mtunzi kidogo: angeandika "inakuja", kipande kingekuwa na mizani 10.

Dhana: Irabu za mwisho zikifanana, kina kimepatikana.

Kina ni silabi nzima. "Bahari" na "asali" zote huishia kwa i, ila -ri si -li. Kwa upande mwingine, "kishindo" na "mwendo" zinatosha, kwa kuwa -ndo ni ileile, kilichotangulia hakihusiki.

Dhana: Pasipo vina hakuna shairi.

Mjadala huu ni wa zamani. *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1974 ikiwa na mashairi huru, yaani yasiyofuata vina na mizani, na malumbano yakapamba moto. Ukikutana na shairi la aina hiyo, chunguza urudiaji na mahali mishororo inapokatwa.

Dhana: Ukishataja "mizani 16, vina -na na -ndo", uchambuzi umekamilika.

Hapo umehesabu, hujachambua. Uliza kina kimetoka wapi. Hiyo -na ya kati, mwisho wa kipande cha kwanza, imezaliwa na kauli ya kutendana: mawingu yanasongana, matawi yanagongana. Kwa hiyo vina vya kati vinabeba vurugu ya vitu vinavyoumizana, ilhali -ndo ya mwisho inaangukia matokeo, yaani kishindo cha mvua na mwendo mpya wa mto. Mtunzi angeandika "mawingu yanafanana", kina kingebaki kilekile, lakini msukumano wa dhoruba ungepotea.