Mfuko wa suruali si ala

Mara ya tatu sasa namsikia mtu akijipiga paja na kusema bastola yake "iko kwenye ala". Wa mwisho ni mfanyabiashara wa madini hapa Arusha, mtu mzima mwenye leseni yake. Alichokiita ala ni mfuko wa suruali ulioongezewa kitambaa kizito na fundi cherehani wa soko la Kilombero. Humo humo aliweka funguo za gari.

Ala ni kifuniko kigumu chenye umbo la silaha yenyewe, kinachoifunika na kuishika isicheze. Wengine husema holsta, wengine mkoba wa bastola. Sina ugomvi na majina hayo.

Ugomvi wangu ni kuhusu ala. Kwanza tusiichanganye na ala za muziki; hiyo ni ala ya Kiarabu, maana yake chombo, na wingi wake hubaki ala. Hii yetu ni ya visu na panga, na wazee wakizitaja nyingi walisema nyala. Upanga hufutwa alani, ukimaliza kazi hurudi alani. Asiye na kamusi aitazame sime ya Mmasai yeyote anayepita mnara wa saa: ala nyekundu, ngozi iliyovutwa juu ya mti ikakauka mpaka ikawa ngumu, imefuata upana wa sime ile. Iminye kwa vidole, makali huyagusi. Sijaona morani akitia sime tupu ndani ya shuka halafu akasema ameihifadhi.

Sasa jiulize makali ya bastola yako wapi. Wengi watakuonyesha mdomo wa mtutu. Lakini bastola ikishakokiwa, risasi ikiwa chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, makali yake yako kwenye kifyatulio, pale kidole kinapovuta, na hapo ndipo ala inapotakiwa kufunika. "Nimefunga usalama" si jibu la kutosha. Bastola aina ya Glock, kwa mfano, kwa kawaida haina kitufe cha usalama pembeni. Kizuizi chake cha nje ni ulimi mdogo ulio juu ya kifyatulio chenyewe. Funguo, kalamu au pindo la kitambaa likiingia pale na kusukuma, limefanya kazi ya kidole. Kitambaa cha fundi, hata kiwe kizito namna gani, hujikunja. Ngozi nayo ikichakaa, midomo yake ikaanza kuangukia ndani, imekoma kuwa ala, itupe.

Ala ya mfukoni, yaani ile inayotiwa mfukoni pamoja na bastola, ina kazi nyingine mbili. Huiweka bastola wima, mpini juu, usije ukaupapasa mtutu. Na unapoichomoa bastola, ala hubaki mfukoni, ndiyo maana nyingi huwa na ngozi ya kukwaruza au kona ya kunasa kitambaa. Kuirudisha ni kinyume chake: toa ala mfukoni kwanza, ingiza bastola ndani yake taratibu, kidole kikiwa mbali na kifyatulio na mtutu ukielekea pasipo na mtu, kisha vyote viwili virudi mfukoni pamoja. Jioni vitoke pamoja vilevile, vifungiwe mahali watoto hawafiki. Bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Kuidaka ndiko kunakopeleka kidole pabaya.

Mfuko huo usiwe na kitu kingine: si sarafu, si simu, si leso. Na kwa vumbi letu la kiangazi, pamoja na nyuzi za suruali, silaha ya mfukoni huchafuka upesi kuliko ya kiunoni. Ikague kila wiki, baada ya kutoa magazini, kile kibebeo cha risasi, na kuhakikisha kwa macho kwamba chemba nayo ni tupu.

Leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inakuruhusu kumiliki bastola, haifuniki kifyatulio. Kwa hiyo, kaka yangu wa madini, fundi wako ameshona vizuri sana, na alichokushonea ni mfuko. Hamishia funguo upande wa pili leo, na mpaka upate ala, bastola ibaki imefungiwa nyumbani.