Sungura Hakulala

Wiki iliyopita mwalimu mmoja hapa Kampala alinionyesha hadithi aliyoiandalia darasa lake: mbio za Sungura na Kobe. Sungura anajivuna, analala chini ya mti, Kobe anajikokota mpaka mwisho, kisha inakuja ile sentensi: "Hadithi hii inatufundisha bidii na uvumilivu." Kila ninapowafunza walimu kutamba hadithi huletewa hiyo hiyo, na kila mara naambiwa ndiyo ngano yetu ya asili. Si yetu. Ni ya Aesop, Mgiriki wa kale, na tuliizoea kupitia vitabu vya shule.

Katika ngano inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika, Sungura halali. Anakimbia mpaka ulimi unaning'inia. Asiyekimbia ni Kobe. Yeye amewaita ndugu zake, ambao wote wanafanana, akawapanga njiani, huyu kwenye kona, yule nyuma ya kichuguu, na mwenyewe akaenda kukaa mwisho wa mbio. Sungura akiita, "Kobe, uko wapi?" sauti inamjibu kutoka mbele: "Nipo hapa!" Nikifika hapo watoto huitikia pamoja nami, na wale wa nyuma husimama juu ya madawati ili waone ninavyochomoza shingo.

Mwalimu akaniuliza, "Kwa hiyo tuwafundishe udanganyifu?" Hapa ndipo subira huniisha. Nani alisema mhusika wa hurafa, hadithi za wanyama, ni kielelezo cha tabia njema? Sungura huiba, husingizia wenzake, huahidi na kukana. Leo anamzidi Simba akili, kesho ananasa kwenye sanamu ya ulimbo kwa sababu hakuweza kuacha kuiba. Ngano zinamwonyesha mdogo akijitafutia njia mbele ya wenye nguvu, na zinaonyesha kwamba mjanja naye ana wa kumzidi. Mtoto huliona hilo bila kutafsiriwa. Msichana mmoja wa darasa la pili aliniambia, "Kobe ameshinda, lakini mwenye mbio bado ni Sungura." Nilinyamaza, wenzake wakabishana mpaka kengele ikalia. Kama ningewahi kusema "tunajifunza kwamba", mjadala ule usingezaliwa. Ifuteni ile sentensi ya mwisho, walimu wangu. Hadithi ikiisha, kaeni kimya kidogo.

Dhana nyingine potofu: Wakayima, mjanja wa hadithi za Waganda, ni sungura tu. Kwa Kiganda mnyama wa porini ni akamyu, wa hadithini ndiye Wakayima. Ngo (chui), njovu (tembo) na mpologoma (simba) wakiingia kwenye ngano huwa Wango, Wanjovu na Wampologoma. Jina likibadilika hivyo, unasimuliwa kiumbe mwenye shamba, wakwe na madeni, basi usimkatize fanani kumweleza kwamba sungura hali nyama. Na wachoraji, nawaomba: akamyu si yule mweupe wa bandani mwenye macho mekundu. Ana rangi ya nyasi kavu na miguu mirefu ya nyuma. Wango naye ana madoa. Mwenye milia ni wa Asia.

Wengine wananiambia mjanja wa hadithi za Afrika ni Anansi. Anansi ni buibui wa Waakan wa Ghana, na watu waliochukuliwa utumwani walimfikisha hadi Jamaika. Huku kwetu mjanja ni sungura: Wakayima kwa Waganda, Apwoyo kwa Waacholi. Mtoto wa Gulu, kwa Waacholi, aanze na Apwoyo.

Halafu kuna wazazi wanaochanganya muziro, yaani mnyama wa ukoo, na ngano. Baba mmoja hakutaka binti yake aigize Wango akidanganywa, kwa kuwa wao ni ukoo wa Ngo. Muziro ni mnyama anayeheshimiwa, ambaye ukoo haumli wala haumdhuru. Wango wa hadithini si babu wa mtu, na kumcheka si kuutukana ukoo. Baba alikubali baadaye, na binti alinguruma vizuri kuliko wavulana wote.