Kurenda video ya HDR: kadi ya grafiki au prosesa?

Vijana wa uhariri huniuliza sana: nikirenda (nikitoa faili la mwisho la) video ya HDR, yaani yenye mwanga na rangi nyingi kuliko ya kawaida, kazi niiachie kadi ya grafiki au prosesa? Inategemea faili linakwenda wapi. Ila kuna jambo linalotangulia kasi, na wengi hulipita: biti 10, yaani wingi wa viwango vya mwanga na rangi ambavyo faili linaweza kubeba.

HDR ya PQ (mkunjo unaogeuza namba za video kuwa mwanga) imepangwa kubeba mwanga hadi niti 10,000, niti ikiwa kipimo cha mng'ao wa skrini, lakini karibu nusu ya viwango vyake vyote imetengewa mwanga ulio chini ya niti 100, yaani vivuli, nyuso za watu ndani ya nyumba, anga la jioni. Kwa biti 8 una viwango 256 tu vya kugawana kazi yote hiyo. Kwa biti 10 unapata 1,024. Ukiibana HDR kwa biti 8, pale jua linapozama rangi hazififii taratibu, zinakatika mistari mipana kama ngazi, na hapo hakuna enkoda (kifaa au programu ya kubana video) itakayokuokoa. Kadi nyingi zikirenda H.264, umbizo la zamani la kubana video, hutoa biti 8 pekee, kwa hiyo chagua HEVC, umbizo lililoifuata, kwa profaili ya Main 10, ile ya biti 10. Hata kadi ya GTX 1060 ya mwaka 2016 inaiweza.

Sasa tofauti yenyewe. Enkoda ya kadi ni saketi iliyokwisha kuundwa: ina njia chache za kuikata na kuibana kila fremu, nayo huzipita haraka mno. x265, programu ya kuenkodi HEVC, ikiendeshwa na prosesa hujaribu njia nyingi zaidi kwa kila kipande cha picha, kisha hubakiza ile inayopoteza kidogo. Ina hata mpangilio wa hdr10-opt, unaogawa biti upya kwa kufuata mkunjo wa PQ. Kwa faili la ukubwa uleule, vivuli vya x265 hutoka safi zaidi. Gharama yake ni muda, na umeme ukikatika usiku unaanza upya.

Kwa YouTube mimi natumia kadi bila wasiwasi. Wao wataienkodi upya tu, na kwa 4K ya HDR ya fremu 24 hadi 30 wanapendekeza megabiti 44 hadi 56 kwa sekunde. Kwa wingi huo wa biti, kadi haina pa kuharibu. Faili la mwisho la mteja, lile la kuchezwa moja kwa moja kwenye televisheni na linalotakiwa liwe dogo, hilo ni la x265, hata likichukua usiku kucha.

Njia yoyote utakayochagua, usimkabidhi mtu faili kabla ya kulipitisha kwenye ffprobe, programu inayosoma taarifa za faili la video. Tafuta yuv420p10le (biti 10), bt2020 (rangi) na smpte2084 (PQ), au arib-std-b67 kama ni HLG, aina nyingine ya HDR. Lebo za rangi na mwanga zikikosekana, televisheni itaichukulia kama video ya kawaida na picha itatoka imepauka, hata kama biti zote 10 zimo ndani.