Maswali ya simu ya dharura hayacheleweshi ambulansi

Mtu kaanguka chini anakoroma, umepiga simu ya dharura, na aliyepokea anakuuliza ana umri gani, anapumua vipi, kifua kinapanda? Wengi hapo wanapandisha: "we tuma gari bwana, maswali ya nini!" Naelewa hasira hiyo lakini hii ndo dhana potofu inayonikera kuliko zote. Kwenye vituo vingi anayeongea na wewe siye anayeendesha, gari likiwepo linaweza kuwa lishatoka huku we bado unajibu, na majibu yako yanawafuata walioko njiani. Halafu hilo swali la kupumua halijawekwa kwa bahati mbaya. Moyo ukisimama ghafla mtu anaweza kuendelea kukoroma au kuvuta hewa kwa shida mara mojamoja, waliomzunguka wanasema "yuko hai, anapumua", kumbe sio kupumua kule. Wa kwenye simu akigundua atakwambia weka loudspeaker, piga magoti, kandamiza katikati ya kifua, kwa mtu mzima kama sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na atakuhesabia. Kwa hiyo dhana ya "tusimguse tusubiri wataalamu" nayo inafia hapohapo, maana ubongo ukikosa oksijeni dakika nne tano hivi unaanza kuharibika, na mji mdogo ambulansi kufika dakika nne ni bahati tu.

"Si wananiona kwenye ramani?" Inategemea simu yako na mitambo yao. Wakitegemea mnara wa simu peke yake, na miji midogo minara ni michache na iko mbalimbali, eneo wanaloliona linaweza kuwa la kilomita kadhaa. Na anayepokea mara nyingi yuko mji mwingine kabisa, ukimwambia "hapa karibu na kwa mzee" haimsaidii kitu. Sema barabara gani, njia panda ipi, tangi la maji, geti la rangi gani, kisha tuma mtu asimame barabarani na tochi. Anza na hayo kabla ya kisa chenyewe, simu ikikatika angalau wanajua pa kuja.

Kuna hii nyingine, eti namba ya dharura ya 112 inapita satelaiti hata kama hakuna mtandao. Hapana. Inachoweza ni kudandia mnara wa kampuni nyingine kama wa kwako haushiki, na salio halihitajiki. Bila laini kabisa nchi nyingine inakubali, nyingine ilishafungia, Ujerumani kwa mfano tangu 2009. Pasipo na mnara wowote simu ya kawaida haitoki, panda kilimani.

Sasa "ambulansi ipo pale imepaki, hawataki tu kuja". Gari sio huduma jamani, gari linataka dereva na mhudumu. Miji midogo mingi ina moja au mbili, ikipeleka mgonjwa wa rufaa hospitali ya mbali ndo imeondoka masaa, kwa hiyo inatafutwa ya mji wa jirani. Hata Marekani miji midogo mingi inategemea watu wa kujitolea, simu inawakuta kazini au kitandani, wavae kwanza wakimbilie kituoni. Na simu zikigongana hawaendi kwa foleni, wanaanza na anayeweza kufa kwanza, hivyo aliyevunjika mkono atasubiri. (Hospitali pia, kuja na ving'ora hakukupitishi mbele ya watu.)

Ya mwisho: umebonyeza kwa bahati mbaya, unakata haraka kwa aibu. Ukikata hawajui kama ni kosa au mtu kanyang'anywa simu, watakupigia tena na sehemu nyingine watatuma gari, lilelile moja. Subiri wapokee, sema samahani nimekosea niko salama, basi.