Je, wajua kwa nini mizani hupanda kilo mbili kesho yake baada ya Idi?

Mombasa, Idi haiishi siku moja. Biriani huanza kushughulikiwa usiku wa kuamkia sikukuu: vitunguu vinakatwa, nyama inalazwa kwenye mtindi, tangawizi, thomu na papai bichi la kuilainisha. Asubuhi watu wanatoka kuswali, wanarudi kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, na baada ya adhuhuri masinia yanateremka. Kisha huanza kuzuru, nyumba hadi nyumba, kuanzia Kibokoni na Majengo mpaka ng'ambo ya Likoni na Kisauni, na kila nyumba ina sahani yake ya visheti, halua na sharubati.

Kesho yake, yule anayechunga uzito wake anapanda mizani na kukuta kilo mbili zimeongezeka. Moyo unamshuka. Miezi mitatu ya kujinyima, anasema, imepotea kwa mlo mmoja, basi na aendelee kula tu mpaka wiki ishe. Kauli hiyo ya mwisho inaharibu kuliko biriani yenyewe, maana kilo zile mbili karibu zote si mafuta.

Hesabu ni hii. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili mtu aongeze kilo mbili za mafuta kwa siku moja, ingembidi ale kalori 15,000 zaidi ya zile ambazo mwili wake ungetumia siku hiyo. Ni kama kunywa karibu lita mbili za mafuta ya kupikia juu ya chakula chake cha kawaida. Hakuna aliyefanya hivyo, hata katika karamu ya harusi.

Sasa uzito umetoka wapi? Kwanza ni maji. Wanga tunaokula, uwe wali, mahamri au tambi, hugeuzwa sukari mwilini, na sehemu yake huwekwa akiba kwenye ini na misuli katika umbo liitwalo glaikojeni. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Mtu aliyekuwa amepunguza sana wali na mkate kwa wiki kadhaa akila vizuri siku ya Idi, akiba hiyo inaweza kupanda kwa gramu 300. Pamoja na maji yake, tayari amepita kilo moja.

Pili ni chumvi. Dripu ya chumvi wanayotundikiwa wagonjwa hospitalini ina gramu 9 za chumvi katika kila lita, kwa kuwa hicho ndicho kiasi kinachopatana na damu yetu. Ukila gramu 4 au 5 zaidi ya kawaida yako, kutoka kwenye achari, krisps za mhogo na rojo lililokolezwa, mwili unaweza kushikilia karibu nusu lita ya maji mpaka figo ziitoe ziada ile. Tatu, chakula chenyewe bado kimo tumboni. Kwa hivyo usijipime kesho yake. Rudi kwenye milo yako ya siku zote, ungoje siku nne au tano, kisha upande mizani asubuhi kabla ya kunywa chochote.

Hata hivyo, sitaki mtu asome hapa akaona sikukuu haina hatari. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jack Yanovski walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla na baada ya msimu wa sikukuu za huko, unaoanza Novemba hadi Mwaka Mpya. Wastani wa uzito ulioongezeka katika majuma yale ulikuwa gramu 370 tu, chini kabisa ya vile watu wanavyodhani. Jambo la kusikitisha ni kwamba uzito huo haukutoka miezi iliyofuata. Uzito mdogo usiotoka, ukirudi mwaka baada ya mwaka, ndio unaomfikisha mtu wa miaka hamsini mahali asipopatambua. Na sisi tuna Idi mbili, tuna futari za mwezi mzima, tuna harusi na maulidi, na jirani akisherehekea Krismasi sahani yake pia hufika.

Kalori za biriani zimekaa wapi?

Wengi huulaumu mchele. Kikombe kimoja cha wali mweupe uliopikwa kina kalori 200 hivi, si kidogo, lakini mkosaji mkubwa yuko kwenye karai. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini pia 4, ya mafuta 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta au samli kinakaribia kalori 120. Sasa fikiria tunavyopika biriani: vitunguu vinakaangwa mpaka viwe rangi ya dhahabu, viazi vinakaangwa vyake, na yale mafuta yaliyonukia vitunguu yanamiminwa kwenye rojo na juu ya wali. Tuseme sufuria ya watu kumi imekunywa nusu lita. Kila mtu amepata zaidi ya kalori 400 za mafuta peke yake, sawa na vikombe viwili vya wali alivyokula bila kuviona.

Hapa ndipo upishi wetu unapotusaidia. Biriani ya Mombasa hupikwa rojo mbali na wali mbali, na hukutana kwenye sahani. Mpakuaji anaweza kuweka wali mchache, nyama na rojo kwa wingi, na kuliacha lile tabaka la mafuta linaloelea juu ya sufuria. Pilau haikupi nafasi hiyo, kwa kuwa mafuta yameshaingia kila punje. Kwa anayechunga uzito, mimi ningesema biriani ni rahisi kuipanga kuliko pilau, ingawa sifa zake ni kinyume. Anayetaka pilau lazima aanze mapema, kwenye kitunguu: kikaangwe kwa vijiko vichache vya mafuta, kikianza kushika kitiwe maji kidogo, kikaukie, kitiwe tena, mpaka kiwe cheusi-cheusi. Rangi itatoka, na utamu utaletwa na bizari nzima, iliki, mdalasini na karafuu, ambazo hazinenepeshi mtu.

Na mafuta yapimwe. Usimimine kutoka kwenye mtungi. Mimina kwenye kikombe, uone kiasi, ndipo utie.

Kuna jambo jingine la karai ambalo ningependa kila mpishi alijue. Sambusa au kaimati ikiwa ndani ya mafuta ya moto hutoa mvuke kwa nguvu, na mvuke ule huyazuia mafuta yasiingie. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuitoa: mvuke uliobaki ndani unapoa na kuwa maji, unaacha nafasi, na nafasi ile inavuta mafuta yaliyotanda juu ya ngozi, kama sifongo inayoachiliwa baada ya kukamuliwa. Maana yake sekunde chache za mwanzo ndizo zenye faida. Kung'uta chujio vizuri juu ya karai, kisha tandaza juu ya waya au karatasi zikiwa bado moto sana, zisirundikwe kwenye bakuli zikalowana kwa mafuta yao wenyewe. Na usikaangie mafuta ya uvuguvugu, kwa kuwa kitu kitakaa karaini muda mrefu na kitatoka kizito.

Glasi na kipande cha halua

Chakula cha kunywa ni hadaa kubwa. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, DiMeglio na Mattes, waliwapa watu 15 kalori 450 za sukari kila siku kwa wiki nne katika peremende za kutafuna, na kwa wiki nyingine nne katika soda. Walipozitafuna, bila kuambiwa walipunguza vyakula vingine. Walipozinywa hawakupunguza chochote, na uzito ukaongezeka. Tumbo halikuihesabu soda kuwa ni chakula.

Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku asipite gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na ikiwezekana akomee 25. Sharubati ya embe iliyotiwa sukari haiko mbali na soda, nyumba tatu za kuzuru zinakaribia kumaliza hesabu ya siku mbili. Kwa hivyo embe lenyewe liliwe likiwa vipande, na mezani kuwe na maji ya ndimu, madafu, au ukwaju uliotiwa sukari kwa kijiko badala ya kikombe.

Na kwa nini mtu aliyeshiba mpaka hawezi kuinuka bado anapata nafasi ya halua? Si uroho. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake walionyesha kuwa mtu akila kitu kimoja mpaka akatosheka, hamu yake hupungua zaidi kwa kile kitu alichokula, si kwa vyote. Kikija kitu cha ladha nyingine, hamu inaamka upya. Meza ya Idi yenye sambusa, katlesi, viazi karai, biriani, kuku wa kuchoma, tambi na halua inaiamsha mara saba. Ndiyo sababu ninashauri kupunguza aina kabla ya kupunguza chakula. Chagua kimoja cha kukaanga na kimoja kitamu. Tambi leo, halua siku ya pili ya Idi. Mgeni hatalala njaa, wala hataona umemnyima.

Utaratibu wa kula nao una kazi yake. Mwaka 2015 Alpana Shukla na wenzake, katika uchunguzi mdogo wa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, waliona kuwa waliotangulia na mboga na nyama, kisha wanga baada ya dakika 15, sukari ya damu yao ilipanda kwa kiasi kidogo sana kuliko walipoanza na wanga, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Homoni za kushibisha zinazotoka kwenye utumbo pia huhitaji muda, dakika ishirini hivi, kabla ubongo haujapata habari. Basi kachumbari isiletwe kisahani kidogo pembeni kama pambo. Itengenezwe bakuli zima, nyanya, vitunguu, matango, ndimu na pilipili, iteremshwe mwanzo pamoja na samaki wa kuchoma au mishikaki, watu wale wakizungumza, wali ufuate. Mwenye kisukari anayetumia dawa au sindano ya insulini azungumze na daktari wake kwanza kabla ya kupunguza wanga ghafla.

Sinia lina mtihani wake, kwa kuwa ni vigumu kujua umekula kiasi gani, na John de Castro, aliyechambua shajara za milo ya watu wengi, alikuta kwamba tunakula zaidi kadiri tunavyokuwa wengi mezani. Lakini adabu tuliyofunzwa, kula mbele yako, ni kipimo tayari: nyama na kachumbari zisogezwe upande wako, na ule wali ulio mbele yako uwe ndio fungu lako. Mpakuaji akija kuongeza, mkono juu ya sinia na "Alhamdulillahi, nimeshiba" vinaeleweka.

Kuzuru ni kugumu zaidi. Kwa shangazi au bibi huwezi kukataa, na kusema umo kwenye dayati ni kumvunja moyo aliyeamka alfajiri kukupikia. Msalimie, kaa naye, omba kahawa chungu, ukate kipande kimoja cha halua ukile polepole mbele yake. Kikombe kile cha kahawa hakina kalori za kuhesabika. Na kama nyumba ziko karibu, ziendeeni kwa miguu. Msuli unaotembea huchukua sukari kwenye damu hata bila kungoja insulini, na jioni ya Idi njia ya Mama Ngina imejaa watu kwa vyovyote.

Kisha kuna kiporo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachonenepesha watu zaidi ya mlo wa sikukuu. Sufuria ya watu kumi na watano iliyopikiwa wanane huliwa siku tatu, asubuhi kwa chai na usiku bila njaa. Panga idadi ya watu kabla ya kupima mchele, na weka vyombo vya kufungia tayari kabla wageni hawajafika, ili sahani za majirani na mlinzi zitoke mchana ule ule. Kinachobaki kisilale kwenye sufuria. Wali uliopikwa una mbegu za bakteria ziitwazo Bacillus cereus zinazostahimili moto wa jikoni, na katika joto la Mombasa huzaana upesi na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia upoe, uutie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu upikwe, au wa saa moja ikiwa kuna joto kali, katika vibakuli vya mlo mmoja mmoja. Ukitoa kimoja, kipashe mpaka kitoke mvuke, na kachumbari ikatwe upya.